Naomba ushauri: Mlima Kenya kutoka Malindi, njia ya Sirimon au ya Chogoria?

Hamjambo nyote. Mimi na binamu zangu wawili, wote wa hapa Malindi, tunataka kupanda Mlima Kenya mwezi wa Januari au Februari, kaskazi ikivuma huku na mvua ikiwa imepungua kule. Shabaha ni kilele cha Point Lenana, mita 4,985. Vilele vya Batian na Nelion ni vya wenye kamba na ujuzi, hivyo tumewaachia wenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni hewa. Sisi ni watu wa usawa wa bahari. Mwinuko tuliouzoea ni matuta ya mchanga ya Mambrui! Kiongozi mmoja ametupangia siku nne kwa njia ya Sirimon: kulala kambi ya Old Moses, mita 3,300, kisha kambi ya Shipton's, karibu mita 4,200, halafu kuondoka usiku wa manane ili tufike kileleni alfajiri. Mwingine anapendekeza Chogoria, siku tano, tukilala kwenye mahema, ila bei yake imechangamka. Mimi naegemea huyu wa pili, maana mwili unahitaji muda kuzoea. Binamu mmoja anahesabu kila shilingi, hataki kusikia.

Binamu mwingine ana pumu. Daktari tutamwona, lakini nani kati yenu amepanda akiwa na hali hiyo, na baridi ilimfanyaje?

Na nguo nzito je? Za kukodi Nanyuki zinategemeka, au tuanze kupekua mitumba mapema?