«Discretion» kwa Kiswahili: ni busara, hiari au stara?

Mtarjumi:
Ndugu zangu, salaam. Ninatafsiri mkataba wa ajira unaosema kwamba bonasi italipwa kwa «discretion» ya mwajiri. Niliandika «kwa busara ya mwajiri», lakini kila nikiisoma sentensi hiyo naona kama ninamsifu mwajiri badala ya kueleza mamlaka yake. Kurasa tatu mbele neno lilelile linarudi, safari hii likimtaka mfanyakazi awe nalo anaposhika mafaili ya wateja. Je, lipo neno moja la kubeba yote mawili?

Karani wa Mikataba:
Halipo, na ni afadhali usilitafute. «Discretion» ni neno la Kiingereza lililotoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kutenga na kupambanua, na likazaa matawi mawili: uhuru wa kuamua na uangalifu wa kusema. Kwenye bonasi linalohusika ni hiari; lakini jihadhari, kwa kuwa wengi wakiona «kwa hiari» huelewa «bila kulazimishwa» tu, ilhali kifungu kinampa mwajiri hata kupanga kiasi. Mimi ningeandika: «Mwajiri ndiye atakayeamua iwapo bonasi italipwa, na kwa kiasi gani, kadiri atakavyoona inafaa.» Ni ndefu, lakini mfanyakazi ataisoma mara moja na kujua kwamba hajaahidiwa kitu.

Muuguzi Mstaafu:
Kuhusu mafaili, mtu anayejua kutunza siri tunasema ana kifua. Hata hivyo, kutunza siri ni sehemu tu ya jambo lenyewe. Muuguzi anayetaja kwa sauti, mbele ya foleni, dawa alizofuata mgonjwa, huenda hakukusudia kutoa siri, lakini hakumsitiri. Mwenzake huinuka, akamsogelea mgonjwa, akashusha sauti huku ameifunika karatasi kwa kiganja. Hiyo ndiyo stara. Katika mkataba andika «kwa usiri na uangalifu». «Kifua» tukiache kwenye mazungumzo.

Mtarjumi:
Nawashukuru sana. Basi busara haina nafasi kabisa?

Karani wa Mikataba:
Inayo, pale unapomwachia mwenzako jambo lisilo na kanuni ukamwambia, «Tumia busara yako.» Hapo humpi ruhusa tu, unamdai pia apime vyema. Hakimu aliyeachiwa kuchagua kati ya faini na kifungo amepewa hiari na sheria. Busara anatarajiwa kuja nayo mwenyewe.