Naomba ushauri: mtambo wa kufyonza vumbi kwa karakana ndogo ya mbao nyumbani

Wakuu, habari za kazi. Karakana ni mita 3 kwa 5, imepakana na chumba cha watoto, na mbao ni mninga na mvule. Unga wa mvule unawasha macho na pua, kwa hiyo shida yangu ni mapafu kwanza, sakafu baadaye.

Mashine ni msumeno wa meza wa inchi 10, randa ya umeme ya inchi 12 na msasa wa mkono. Msasa vakyumu inautosha. Randa ndiyo kazi: vakyumu ina mvuto mkali lakini hewa kidogo, na mpira wake mwembamba maranda huuziba mara moja.

Nafikiria feni ya kilowati 1.5 yenye mdomo wa inchi 4, nikiihamisha mashine hadi mashine, na mbele yake pipa lenye saikloni (koni inayozungusha hewa ili maranda yaangukie pipani) ili maranda yasifike kwenye feni. Bomba ni PVC ya maji taka, kona mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90. Mpira wa mikunjo usizidi mita 1.5, maana mikunjo hula hewa.

Nakwama kwenye mfuko wa kuchuja hewa inayotoka kwenye feni. Wa kitambaa wa mikroni 30 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hushika maranda, kisha hurudisha chumbani unga laini, ule ule unaoshuka mapafuni. Filta ya mikroni 1 ni ghali na huziba upesi isipokung'utwa. Kutoa hewa nje kungemaliza hilo, ila dirisha la jirani liko mita 2.

Mnaotumia feni ya ukubwa huu: saikloni inabakiza hewa ya kutosha kwa randa? Na filta mnaikung'utaje bila kuichana?