Nimeuziwa rangi ya kucha ya uongo, nimerudi dukani naulizwa "kwani weye unasali?"

Mwana_Rahaleo (mwanzisha uzi)

Assalam alaykum wana jukwaa. Naandika huku mikono inanitetemeka, mkiona herufi zimerukwa mnisamehe.

Yule dada wa Mchangani. Jina silitaji wala sina haja ya kulitaja, kila mwenye kucha mjini hapa Unguja anamjua. Yule mwenye duka la vioo na taa nyeupe za kuumiza macho, anayekuhudumia huku anatafuna bigijii, anayekwita "mpenzi" ukishika pesa na "wewe bibi" ukishika risiti. Huyo huyo.

Leo, mbele ya mama mtu mzima na baibui lake aliyekuja kununua udi, mbele ya vijana waliokuwa wanachagua mafuta ya nywele, mbele ya dunia nzima, kaniuliza: "Kwani weye unasali?"

Yeye ndiye Rakibu au ndiye Atidi, wale malaika wanaoandika matendo yetu? Daftari langu kakabidhiwa lini?

Ngojeni niwaeleze. Ijumaa hii tuna harusi ya mdogo wangu. Hina naipenda na nimeipaka tangu mtoto, lakini sare yetu zambarau na nilitaka kucha zifanane na nguo. Rangi ya kawaida shida yake mnaijua: ikikauka inafanya utando, maji ya udhu hayafiki kwenye ukucha, basi ama upake ukiwa kwenye siku zako ama ushinde na asetoni kila ikiadhiniwa. Yeye kwa mdomo wake ndo akaniambia anayo inayopitisha maji. "Hii ya halali, mpenzi." Kichupa 25,000. Cha kawaida, pembeni yake hapo hapo, 2,000. Akapaka kidogo kwenye tishu, akadondosha maji, akayasugua kwa kidole mpaka tishu ikalowa upande wa pili. "Umeona?" Nikaona. Nikatoa pesa.

Nyumbani nikajaribu mwenyewe. Nikapaka kwenye tishu, nikaacha ikauke, nikarudia juu yake, maana hakuna mtu anayepaka kucha mara moja. Tone la maji likakaa pale juu, duara, linametameta. Nikabandika chai, nikanywa, nikaosha vikombe, tone lipo. Tishu chini yake kavu kabisa. Hapo ndo nikaona pembe ya kile kibandiko cha chupa imenyanyuka. Nikaivuta. Kibandiko chenye neno halali kikatoka kizima kizima, na chini yake kuna kibandiko chengine, jina jengine, la rangi ile ile ya 2,000. Hata bei aliyoandika kwa kalamu hakuifuta!

Nikarudi. Kwa adabu, salamu nikatoa. Nikamwekea chupa juu ya kioo, kibandiko pembeni yake. Hakuitazama chupa. Kanitazama mie, tangu mtandio mpaka viatu, halafu kwa sauti waliyoisikia mpaka abiria wa boti ya Pemba kule bandarini akasema: "Kwani weye unasali?"

Mama wa udi akaacha kunusa udi. Vijana wakacheka.

Kwani. Weye. Unasali. Hakusema samahani. Hakusema lete nikubadilishie. Pesa kakataa kurudisha, ati kitu kikishafunguliwa hakirudi. Haya, pesa zinatafutwa. Lakini swali lile! Mamangu aliyenizaa hajapata kuniuliza swali lile mbele za watu. Maalim wangu wa chuoni na bakora yake hakupata. Leo naulizwa na muuza wanja, bigijii mdomoni!

Nimeshindwa kula tangu mchana. Kwani weye unasali. Wallahi simsamehe.

Bint_Bububu

Pole somo yangu. Nimemjua hata sijafika kwenye bigijii. Mie aliniuzia fandesheni, akaniapia kwamba ndo rangi yangu hasa. Nikaingia ukumbini najiona malkia. Picha zilipotoka, uso jivu, shingo yangu mwenyewe. Nilipomrudia kanambia, "Fandesheni haina tatizo, tatizo shingo yako."

mkaa_gengeni

Uzi mrefu hivi na swali hujalijibu. Unasali?

Mwana_Rahaleo

Wewe kaka usinitie wazimu. Nasali, alhamdulillah, na ndo maana nikatoa 25,000! Asiyesali angechukua ya 2,000 akaenda zake. Yaani yule mwanamke kanitoza bei ya swala, halafu ananiuliza kama nasali. Hilo ndo linaloniuma. Kanitazama usoni kabisa, "kwani weye unasali." Nikilala nalisikia.

Chuchu_wa_Jang'ombe

25,000 kwa kijichupa unachokimeza na chai? Dada, kwa pesa hiyo ungepakwa hina wewe, bi harusi, wifi zake wote na jirani. Pole lakini umejitakia.

Ust_Fuoni

Dada zangu tusiache asili ya jambo. Suratul Maida aya ya 6 imetaja kuosha uso na mikono mpaka viwikoni, na kucha zimo mikononi. Kinachofanya tabaka kinazuia maji. Hina haizuii kwa sababu ukishaikwangua haibaki kitu juu ya ukucha, imebaki rangi tu. Hizi zinazoitwa za kupumua zilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa rangi za kampuni ya Inglot ya Poland, na wanazuoni wakatofautiana, kwa sababu kupitisha hewa na mvuke si lazima iwe kupitisha maji ya udhu. Mwenye shaka aache.

Mwana_Rahaleo

Ustadhi shukran, lakini yangu haipitishi mvuke, haipitishi maji, haipitishi chochote. Ni ya 2,000!

mwalimu_kemia

Nafundisha kemia skuli, niongeze kidogo. Rangi nyingi za kucha ni nitroselulosi iliyoyeyushwa. Kiyeyusho kikiruka hewani, ndo ile harufu kali mnayoisikia, kinabaki kiwambo kigumu, na asetoni inakitoa kwa kukiyeyusha tena. Ule mchezo wa kusugua tishu kwa kidole hauthibitishi kitu. Tishu ina vitundu, rangi ya mara moja haivizibi vyote, na kidole kinaichana. Alivyofanya dada nyumbani, kupaka mara mbili na kuacha tone litulie bila kuligusa, ndo afadhali. Ingawa karatasi nayo si ukucha.

Chuchu_wa_Jang'ombe

Basi mie nikimuona mtu na kucha nyekundu katikati ya mwezi, ishanitosha, najua hesabu zake.

Bint_Bububu

Chuchu acha! Kina kaka wanasoma humu.

mkaa_gengeni

Hesabu gani?

Ukhti_Mombasa_kwa_Mchina

Nyie mnalilia kucha, mie nilie nini? Piko ya Idi iliyopita, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono kama hina. Yule mpambaji, mnamjua, anayejisifu ati piko yake inashika kwa nusu saa na kutoka wiki tatu haitoki. Kanichora maua mazuri mpaka kwenye kiwiko. Usiku mkono ukaanza kuwasha. Asubuhi yale maua yote yamevimba, kila jani na lengelenge lake, yanatoa maji. Nimeshinda Idi mkono nimeuning'iniza, siwezi hata kumpa mtu mkono wa Idi. Piko ikatoka, maua yakabaki, meupe, mpaka leo yapo. Nilipompigia simu kanambia nina jicho la hasadi.

mwalimu_kemia

Si jicho dada. Hina ya mti inachukua masaa kushika na haitoki nyeusi tititi, inatoka baina ya chungwa na hudhurungi, halafu inakoza kidogo kidogo. Ukiona nyeusi papo hapo, ule ni unga wa kupakia nywele, una dawa inaitwa kwa kifupi PPD. Ulaya kwenye rangi ya nywele wameiwekea kikomo cha asilimia 2, na kuipaka kwenye ngozi wameikataza kabisa. Na wewe sasa usipake tena rangi nyeusi ya nywele bila ya kuuliza daktari, mwili ukishaikataa mara moja unaikumbuka.

Bint_Bububu

Ndo wanayowachorea wageni ufukweni Nungwi na Paje, mtoto wa mgeni anarudi kwao na mjusi wa malengelenge mgongoni.

Mwana_Rahaleo

Ukhti pole sana, lakini jamani uzi huu ni wa yule dada wa Mchangani. Mnasikia alichoniambia? Mbele ya yule mama wa udi? Sijui kesho nikikutana na yule mama njiani nimtazame vipi.

Ukhti_Mombasa_kwa_Mchina

Wako maneno, yatapita. Mie nina maua meupe mkononi.

Mtoto_wa_Wete

Mna raha nyie wa Unguja, mnachezewa na duka mnalolijua, mnaweza kurudi mkagombana. Sisi huku Pemba tunaagizia. Mke wangu kaagiza poda, lipstiki na asetoni chupa nzima kutoka mjini huko, mzigo ukapakiwa boti. Ulivyofika Mkoani boksi limelowa, asetoni imemwagika yote, lipstiki zimeyeyukiana, poda imekuwa uji, na khanga mbili mpya za mamangu zilizowekwa humo humo zimetoka madoa. Mpakiaji anasema aulizwe mpokeaji, mpokeaji anasema aulizwe mpakiaji. Kila mmoja ana kitabu cha risiti na hakuna mwenye jibu.

Chuchu_wa_Jang'ombe

Asetoni na khanga boksi moja? Nani kapanga huo mzigo?

Mtoto_wa_Wete

Shemeji yako.

pwani_mchangani_K

Umenikumbusha. Nimepeleka boksi la vikombe Chake kwa harusi ya binamu yangu. Nimeandika KIVUNJIKA kila upande, herufi kubwa, kalamu nyekundu. Wamelipanga chini, juu yake gunia la mchele. Vimefika vipini tu.

Ukhti_Mombasa_kwa_Mchina

Afadhali vyako vimefika. Godoro letu lilishushwa Mkoani, limekwenda kukutwa kwa watu, limeshalaliwa.

mkaa_gengeni

Limelaliwa na nani?

Mtoto_wa_Wete

Hilo la magodoro liko sana. Na ukidai unaambiwa mzigo bila risiti hauna mwenyewe, na risiti wanakupa kikaratasi kinachofutika kwa jasho la mkono. Mie sasa kila mzigo naupiga picha kabla haujapanda, naandika jina kwa wino usiofutika pande zote, na ninamsimamisha mtu gatini mpaka uteremke.

pwani_mchangani_K

Picha niliwaonesha. Wakanambia boksi la kwenye picha kubwa kuliko hili.

Bint_Bububu

Kuna mtu wa kuaminika anapanda boti kesho asubuhi? Nina mzigo mdogo wa Chake, nguo tupu, hakuna kinachovunjika wala kinachomwagika.

Mtoto_wa_Wete

Shemeji yenu anapanda. Lakini nyinyi ndo mmeshamsema humu.