Hivi serikali huwa inasoma tafiti za wachumi?

mchovu_wa_kata: Wakuu, hizi tafiti zinabadilisha sera kweli au zinaishia kabatini?

binti_ziwa: Zinabadilisha mbona, cheki ya neti za mbu Kenya magharibi. Watu walikua wanabishana eti neti ya bure mtu ataivulia samaki, bora alipie kidogo aithamini. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakajaribu kliniki za wajawazito, zingine neti bure zingine mpaka shilingi 40 za Kenya, aisee kwenye 40 wachukuaji wakaporomoka kwa pointi 60 za asilimia! Na waliopewa bure waliitundika kama waliolipa tu

mchovu_wa_kata: Shilingi 40 tu?? 😳

kaka_takwimu: Ndo hapo sasa. Ila mkuu usibebe hayo matokeo ukayapeleka kwenye mbolea, neti inamkinga hadi jirani, mbolea haiko hivo