Vipokezi vya redio hujuaje droni ilipo?

Swali: Wakuu, habari zenu. Vipokezi vinavyosikiliza tu, bila kurusha mawimbi kama rada, hutambuaje mahali droni ilipo?

Jibu la kwanza: Siri imo katika tofauti ya wakati. Mawimbi ya redio yanayorushwa na droni yenyewe husafiri takriban mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, hivyo kipokezi kilicho karibu huyapata mapema kidogo. Tofauti baina ya vipokezi viwili huchora mkunjo ambao droni imo juu yake, na kipokezi cha tatu huleta mkunjo mwingine unaoukata ule wa kwanza. Ukitaka na kimo chake, ongeza cha nne.

Jibu la pili: Saa za vipokezi hazina budi kwenda pamoja, na aghalabu hulinganishwa kwa GPS. Zikipishana kwa sehemu hiyo moja tu ya milioni ya sekunde, unaweza kuutafuta mtaa wa pili. Mjini kuna adha nyingine: mawimbi hugonga maghorofa na kufika yamechelewa.

Muulizaji: Ahsanteni. Je, droni ikinyamaza?

Jibu la kwanza: Hapo mtandao huu ni kiziwi. Katika vita vya Ukraine zimo droni zinazoongozwa kwa kebo nyembamba ya fiba, ambazo hutafutwa kwa rada, kamera au sauti.