Nijenge kwa mbao au kwa matofali hapa Buhene, karibu na Goma?

Mama wa Buhene: Wapendwa, kiwanja changu kiko juu ya mawe ya volkano ya 2021. Usiku ule wa tarehe 22 Mei tulitoka na watoto, godoro moja na sufuria. Nyumba ikabaki chini ya moto. Sasa zamu yangu ya likilimba, mchango wetu wa kupokezana pesa, imefika. Baba watoto anataka matofali na simenti. Mimi naona mbao na mabati. Volkano yetu, Nyiragongo, ililipuka 1977, 2002, 2021. Je, tuna miaka ishirini ya kupumua?

Fundi wa Majengo: Mama, mara tatu si kalenda. Usiulize mlima utalipuka lini. Uliza ukilipuka mwakani utabaki na nini. Usizike likilimba yote kwenye ukuta. Msingi wa mawe, juu mbao. Ila acha nafasi na jirani, maana moto wa jikoni unatutembelea mara nyingi kuliko lava.

Dada Katindo: Tarehe 27 Mei, siku tano baada ya mlipuko, wakuu walituambia tuhame, tukatembea hadi mji wa Sake. Lava haikutoka tena, watu wakasema tumedanganywa. Mimi nakataa. Ardhi ilikuwa inatetemeka mchana na usiku! Wakuu waliamua kwa kilichojulikana asubuhi ile.

Mama wa Buhene: Asanteni sana. Itakuwa mbao, na pesa itakayobaki iingie kwenye mtaji wa maharagwe. Hati za kiwanja nimeshazipeleka kwa shangazi, Bukavu.