Mjadala: Bando limetusogeza pamoja au limetutenga?

Mtu wa Sakina: Naweka hoja mezani. Husemwa siku hizi kila mtu ana simu, kwa hiyo siasa tunaijua sawa. Napinga. Mwaka 1970 watafiti Tichenor, Donohue na Olien wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walishaliona pengo hili kwenye magazeti: habari zikiongezeka, mwenye elimu na kipato huzidaka mapema, mwenzake anazidi kuachwa. Angalieni mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Ilisitishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Anayefuatilia alishaandaa katiba ya kikundi; aliyebaki na ujumbe wa zamani wa WhatsApp anajua mikopo ilikufa.

Kijiwe Pasua: Mkuu, unaitwisha intaneti mzigo usio wake. Gazeti lilimfikia nani pale soko la Memorial, Moshi? Leo muuza mitumba anapanga nguo huku anasikiliza sauti ya diwani. Kwa asiyesoma, hilo si dogo.

Dada wa Rau: Kaka, sauti hiyo ya dakika mbili inamwambia nani kamjibu nani. Haimwambii kwamba barabara ya mtaani ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na ile kuu ni ya TANROADS (wakala wa barabara kuu), ndiyo maana lawama zinapelekwa kusiko. Kujua sura za wanasiasa ni kitu kimoja, kujua nani anawajibika ni kingine. Halafu bando: ukinunua kifurushi cha mitandao ya kijamii tu, linki ya tovuti ya halmashauri haifunguki. Ikifunguka unakutana na PDF iliyoskaniwa, kurasa zimelala ubavu, na ukitafuta neno "Rau" simu inasema hakuna, kwa sababu ile ni picha, si maandishi.

Mtu wa Sakina: Na bado hujataja uchaguzi wa mtu mwenyewe. Zama za Redio Tanzania, ukisubiri salamu au mpira ulipitia taarifa ya habari, upende usipende. Sasa unaruka. Mtafiti wa siasa Markus Prior alilionyesha hilo Marekani: kebo na intaneti zilipokuja, wapenda burudani walizikimbia habari, wapenda siasa wakazidi kujua. Wastani wa uelewa haukusogea sana. Pengo ndilo lililotanuka.

Kijiwe Pasua: Hapo nakubali nusu. Ila linatibika. Mapato na matumizi yakibandikwa kwenye ubao wa mtaa, msipige picha mkaishia hapo; WhatsApp inaibana picha, tarakimu zinafifia. Zichapeni: mapato, matumizi, salio. Anzeni na tarehe, maana ujumbe usio na tarehe hauzeeki. Mtu asome kwa sauti, isizidi dakika moja. Na mzitume wenyewe kwenye kila grupu: ujumbe ukishaforwadiwa mara nyingi, WhatsApp inaruhusu kuupeleka grupu moja kwa wakati.

Dada wa Rau: Na shangazi wa Majengo mwenye kitochi? Herufi 160 za SMS zinatosha tarehe, saa, mahali na ajenda ya mkutano wa mtaa. Fungu la kuzilipia litoke wapi, kaka?